Trencha iliyochoka kila ikifika saa nne: uchambuzi wa kisa kimoja cha mtiririko wa haidroliki, Usa River

Mwenye mashine alipiga simu kuulizia bei ya pampu. Tatizo lenyewe hakulieleza sana, kwa sababu alishaambiwa kwamba limeshajulikana: pampu ya haidroliki imekwisha, mashine ina saa zaidi ya 4,000, ibadilishwe. Alichotaka kwangu ni kujua kama pampu hiyo inapatikana hapa Arusha au mpaka iagizwe Dar es Salaam. Nilimwomba asinunue kitu chochote kwanza, anisubiri nifike Usa River na mita ya kupimia mtiririko wa oili.

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu pampu nyingi zinang'olewa kwenye gereji zetu zikiwa bado zinafanya kazi. Ni spea ya gharama, na mara nyingi mpya ikishafungwa mashine inarudi na malalamiko yaleyale, mteja akiwa ameshamaliza fedha. Pampu iliyochoka na njia ya oili iliyoziba mahali fulani zinaonyesha dalili zinazofanana sana. Ukizitazama kwa macho tu huwezi kuzitenganisha.

Mashine na malalamiko yake

Ni skidi loda ya ukubwa wa kati, yaani mashine ndogo ya kuzolea udongo kwa bakuli la mbele, zile ambazo wengi tunaziita Bobcat hata zikiwa za kampuni nyingine. Mbele imefungwa trencha, yaani mkono wenye mnyororo wa meno unaozungushwa na mota moja ya haidroliki. Kazi ilikuwa kuchimba mitaro ya mabomba ya umwagiliaji kwenye shamba la mboga, kina cha sentimita 80 hivi. Udongo wa pale ni wa volkano ya Meru: juu vumbi laini, chini unakutana na changarawe iliyoshikana.

Kibao cha mashine kinasema laini ya atachimenti (kifaa kinachofungwa mbele, hapa trencha) inatoa lita 75 kwa dakika injini ikiwa kwenye resi ya juu, na presha ya mwisho ni 210 bar, bar ikiwa kipimo cha presha. Kibao cha mota ya trencha kinasema sentimita za ujazo 315 kwa mzunguko mmoja. Namba hizi tatu nilizinakili kabla ya kugusa spana, kwa sababu bila hizo huwezi kujua kama unachokiona ni kibaya au ni cha kawaida.

Malalamiko yalikuwa manne. Mnyororo unaenda vizuri asubuhi, halafu unalegea. Oili inachemka kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja kwenye tangi. Sili ya shafti ya mota, ile inayozuia oili isivuje, imetoka mara mbili, na mara zote mbili imefungwa mpya. Na trencha haina nguvu ikikutana na udongo mgumu.

Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha filta na kumwaga oili yote. Alikuwa pia amekaza vali ya rilifu, ile inayofungua njia oili irudi kwenye tangi presha ikizidi kiwango. Mwenye mashine aliniambia kwamba baada ya rilifu kukazwa mashine ilipata nguvu kweli, wakafurahi, halafu hali ikarudi ikiwa mbaya zaidi na sili ikatoka kwa mara ya pili. Maelezo hayo yalikuwa ya maana kuliko vyote nilivyoambiwa siku ile, na nitayarudia.

Kasi inatokana na lita, nguvu inatokana na presha

Kabla ya kuendelea ni lazima hili liwekwe sawa, maana hapa ndipo wengi tunapoteana.

Pampu ya gia haitengenezi presha. Inasukuma oili, basi. Presha inazaliwa pale oili inapokutana na kizuizi: mzigo wa mnyororo kwenye udongo, hozi nyembamba, vali iliyofunguka nusu. Kwa hiyo mnyororo ukienda polepole, swali la kwanza ni lita ngapi zinafika kwenye mota. Mnyororo ukikosa nguvu, swali ni bar ngapi zimebaki kwa ajili ya mota baada ya kila kitu kingine njiani kuchukua chake.

Hesabu yake ni nyepesi na inafanyika kwenye simu. Lita kwa dakika ukizizidisha kwa 1,000 na kugawa kwa ujazo wa mota, unapata mizunguko kwa dakika. Hapa ni 75,000 gawa kwa 315, sawa na 238. Hiyo ndiyo kasi ambayo sproketi ya trencha hii, gurudumu la meno linaloendesha mnyororo, ingezunguka kama oili yote ingefika bila kuvuja popote. Ya pili: bar zidisha kwa lita kwa dakika, gawa kwa 600, unapata kilowati. Hii ya pili haielezi tu nguvu inayofanya kazi, inaeleza pia joto. Bar zozote zinazopotea njiani bila kuzungusha kitu zinageuka kuwa joto ndani ya oili, zote.

Opereta alichosema

Opereta ni kijana, mpole. Nilimkuta amekaa kivulini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu nieleze yote, hata yale unayoona hayana maana."

"Asubuhi inachimba vizuri tu. Ikifika saa nne inachoka. Tukiizima tukaenda kunywa chai, tukirudi inapata nguvu kidogo, halafu inachoka tena haraka zaidi."

"Na ukiitumia kwa bakuli peke yake, bila trencha?"

"Kwa bakuli haina shida kabisa. Kutwa nzima."

Hapo pampu ilianza kutoka kwenye orodha yangu ya washukiwa. Kwenye mashine hii pampu inayonyanyua mikono ndiyo hiyohiyo inayolisha atachimenti. Ni kweli mikono haidai oili mfululizo kama trencha, kwa hiyo jibu lake lilikuwa halijatosha kuisafisha pampu, lakini lilitosha kunipa sababu ya kuangalia kwanza mbele ya vali inayogawa oili, upande wa trencha, kabla ya nyuma yake, upande wa pampu.

Nikamuuliza kuhusu kufunga na kufungua trencha. Akacheka kidogo, akasema hiyo ndiyo kazi kuliko kuchimba. Hozi zikikaa juani kapla, vile viungio vya dume na jike vinavyounganisha hozi na mashine, zinagoma kuingia, inabidi kugonga. Nikamwomba anionyeshe anavyogonga. Alichukua nyundo, akaweka ncha ya bolti katikati ya kapla jike ya kwenye mashine, akaonyesha jinsi anavyoisukuma ndani mpaka oili iruke.

Yaliyokaguliwa na kupita

Haya nayasema kwa haraka kwa sababu hayakuwa na kitu. Usawa wa oili ulikuwa sahihi, na oili haikuwa na povu wala weupe, kwa hiyo hakuna hewa iliyokuwa ikivutwa upande wa kuvuta wala maji yaliyoingia. Pampu haikulia ule mlio wa kusaga mawe unaosikika ikikosa oili. Rejeta ya oili ilikuwa na vumbi jingi kati ya mapezi yake. Tuliipuliza kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, na joto lilipungua kidogo tu. Swichi ya kuruhusu mtiririko wa mfululizo ilikuwa inafanya kazi, na koili zake zilikuwa zinapata umeme.

Injini nayo nilitaka kujiridhisha, kwa sababu huku kwetu hewa ni nyepesi. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Usa River ni chini kidogo. Injini ya dizeli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na kuna mafundi wanaosingizia mwinuko kila jambo. Tufanye hesabu: lita 75 kwa 210 bar ni kilowati 26. Injini ya mashine hii ina zaidi ya 40. Hata ukiondoa asilimia 12 bado inatosha. Na kweli, trencha ilipolegea injini haikushuka resi. Injini ambayo haishuki resi wakati atachimenti inalegea inakuambia kwamba si yenyewe inayoshindwa. Oili inapotelea mahali.

Kuhesabu sproketi kwa simu

Nilichora mstari mweupe kwenye jino moja la sproketi, nikamwomba opereta anyanyue trencha hewani, afunge resi juu, azungushe. Nikarekodi video kwa simu nikiwa mbali, nimesimama pembeni na si mbele ya mnyororo, halafu nikaicheza polepole na kuhesabu.

Oili ikiwa ya vuguvugu: mizunguko 37 kwa sekunde 10. Hiyo ni 222 kwa dakika, sawa na lita 70 zinazopita kwenye mota. Baada ya kuchimba mpaka oili ilipofika nyuzi 92: mizunguko 29, yaani lita 55. Na hapo mnyororo ulikuwa hewani, haugusi udongo.

Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote cha kununua. Fundi asiye na mita anaweza kukifanya leo, na kitamwambia kama tatizo lipo na ni kubwa kiasi gani. Kisichoweza kukuambia ni liko wapi. Kwa hilo unahitaji mita.

Mita, na geji iliyokataa kushuka

Mita ya mtiririko ninayotumia ina vitu vitatu kwenye mwili mmoja: kisoma lita, geji ya presha kwenye mlango wa kuingilia, na vali ya mzigo ambayo unaifunga polepole ili kuiga udongo mgumu. Tuliondoa trencha, tukaunganisha mita moja kwa moja kwenye kapla mbili za mashine. Oili inatoka kwenye pampu, inapita kapla ya kwanza, inaingia kwenye mita, inatoka, inapita kapla ya pili, inarudi kwenye tangi. Trencha na mota yake havipo kabisa kwenye mzunguko huo.

Kabla ya kuwasha, vali ya mzigo lazima iwe wazi kabisa. Hili nalikazia kwa moyo wote: ukiwasha ikiwa imefungwa, na rilifu imechezewa, unaweza kupasua hozi usoni kwa mtu.

Resi juu, vali wazi, oili ikiwa na nyuzi 50. Mita ikasoma lita 71. Vizuri sana. Nikatazama geji, nikitegemea kuona bar chache, kumi au kumi na mbili hivi, kwa sababu mbele ya mita hakuna kitu isipokuwa hozi pana na tangi. Geji ilikuwa kwenye 84.

Bar 84 bila mzigo wowote. Niliigonga geji kwa kidole nikidhani imekwama. Nikamwambia opereta ashushe resi, ikashuka. Akapandisha, ikarudi palepale. Geji nzima.

Maana yake ni moja: baada ya mita, upande wa kurudi, kuna mahali oili inabanwa. Sasa fanya ile hesabu ya pili. Bar 84 zidisha lita 71 gawa 600: karibu kilowati 10 za joto tupu, zinamwagwa ndani ya oili muda wote trencha inazunguka, hata ikiwa hewani. Rejeta ya mashine ndogo kama hii haiwezi kuondoa joto hilo juu ya lile la kawaida. Saa nne ya opereta ikapata maelezo.

Nikageuza uelekeo wa oili kwa swichi, kwa kuwa mita yangu inasoma pande zote mbili. Sasa kapla iliyokuwa ya kurudishia ikawa ya kutolea, ikawa kabla ya mita. Geji ikaanguka hadi 11. Hapo filta ya kurudishia na tangi vikatoka hatiani, kwa sababu oili bado ilikuwa inapita kwao kwa lita zilezile na geji haikulalamika. Kilichobaki ni ile kapla jike, au hozi fupi kati yake na bloku ya vali. Nikaelekeza kipimajoto cha kulenga kwa mbali: kapla ilikuwa na joto zaidi ya hozi iliyoileta oili. Kila bar 100 zinazopotea mahali pamoja zinaipandisha oili kama nyuzi 6 kwa mpito mmoja tu, kwa hiyo sehemu iliyobana huwa inajitokeza hivyo kwa anayeipima pale pale.

Kapla ilipofunguliwa

Tulizima injini, tukatoa presha, tukaifungua kapla jike na kuiweka kwenye kitambaa cheupe.

Kwa nje ilikuwa nzuri. Ilikuwa inaingia na kutoa ule mlio wa kufunga, na ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Ndani, kile kizibo cha chuma kinachotakiwa kurudi nyuma dume linapoingia kilikuwa na shimo dogo la bolti katikati ya uso wake, na mhimili wake ulikuwa umepinda. Ukikisukuma kwa kidole kinakwenda nusu ya njia, kinakwama upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na vipande vyeusi vya oringi iliyokatika, vimejikunja kwenye springi, na tope zito la vumbi la volkano lililochanganyika na oili. Hiyo nusu iliyobaki ndimo oili yote ya trencha ilimokuwa inajipenyeza, kila dakika, kila siku ya kazi.

Sasa zile dalili nne ukizirudia zinakaa kwenye mstari mmoja.

Mnyororo kulegea kwenye udongo mgumu: mzigo wa udongo ukidai, tuseme, bar 160, na rilifu inafungua kwenye 210, zinabaki 50 za kusukuma oili kupitia kapla. Hamsini hazitoshi kupitisha lita 71, zinapitisha kama 55. Zinazobaki zinatorokea rilifu, na zenyewe zinageuka joto.

Rilifu ilipokazwa, mashine ilipata nguvu. Ndiyo, kwa sababu tulikuta imekazwa mpaka 245. Bar 245 toa 160 zinabaki 85, ambazo zinatosha kabisa kusukuma lita zote kupitia kapla mbovu. Fundi aliyetangulia hakuota. Aliona matokeo kwa macho yake. Lakini alichonunua ni kasi ya asubuhi kwa gharama ya joto zaidi, na presha ya upande wa kurudi ikapanda hadi zile 84 hata wakati wa kuchimba.

Sili kutoka: mota ya aina hii, kama haina hozi yake ya drein, ile ya kupeleka uvujaji wa ndani kwenye tangi, inarudisha uvujaji wa ndani kupitia laini ya kurudishia, na presha iliyoko kwenye laini hiyo ndiyo inayoegemea sili ya shafti. Mota hii ina hozi ya drein, nyembamba, ya tatu. Tuliikuta imefungwa plagi na kufungiwa kwenye mkono wa trencha kwa waya, kwa sababu skidi loda hii haina kapla ya tatu. Kwa presha ndogo ya kurudi sili ingestahimili. Kwa 84 ilikuwa lazima itoke, na sili ya tatu nayo ingetoka.

Kulegea kwa joto: oili iliyomo ni ya daraja la unene VG 46. Unene wake ni 46 kwenye nyuzi 40, lakini kwenye nyuzi 100 unashuka hadi karibu 7. Oili nyepesi namna hiyo inateleza pembeni mwa gia za pampu badala ya kusukumwa mbele, na pampu yenye saa 4,000 ina nafasi za kutosha za kuipitisha.

Kuhusu pampu

Hapa nataka kueleweka vizuri, kwa sababu pampu ilikuwa imeshahukumiwa. Nilipima oili ikiwa na nyuzi 92, mita ikiwa na mzigo wa 150 bar: lita 49. Mtu akiisoma namba hiyo peke yake, kutoka 75 za kibao hadi 49, ataagiza pampu, na sitamlaumu. Imeshuka theluthi nzima, wakati kiwango ambacho mimi naanzia kuishuku pampu ni kushuka kwa robo.

Baada ya kapla mpya nilipima tena kwa mzigo uleule wa 150, oili ikiwa na nyuzi 60, kiwango ambacho sasa inakaa yenyewe bila kulazimishwa. Lita 66. Bila mzigo, lita 73 na geji kwenye 9. Kutoka 73 hadi 66 ni kushuka kwa asilimia 10 pungufu kidogo. Hiyo ni pampu ya makamo inayofanya kazi yake. Kilichobadilika kati ya 49 na 66 ni joto la oili tu. Namba ya mtiririko iliyoandikwa bila joto la oili pembeni yake haina thamani, na ripoti yoyote ya fundi inayosema "pampu inatoa lita kadhaa" bila kutaja nyuzi na bar irudishwe aikamilishe.

Mwenye mashine nilimwandikia namba zote kwenye karatasi ngumu ikabandikwa ndani ya kebini: 73 wazi, 66 kwa 150 bar, nyuzi 60. Zikipimwa tena kwa hali hiyohiyo baada ya saa 500 za kazi, tofauti ndiyo itakayosema pampu inazeeka kwa kasi gani.

Matengenezo

Tulibadilisha kapla zote mbili kwa jozi, jike na dume, za kiwango kimoja. Usifunge jike jipya kwa dume la zamani lililochubuka, na usichanganye dume la duka moja na jike la duka jingine kwa kuwa tu zinaingiana. Mengine yanaingiana na kufunga vizuri lakini kizibo kimoja ni kifupi kwa milimita chache, na unakuwa umenunua tatizo hilihili likiwa jipya.

Rilifu tuliirudisha 210 kwa geji, oili ikiwa na joto la kazi. Hakuna namna nyingine halali ya kuigusa rilifu isipokuwa geji ikiwa imefungwa na unaitazama. Kuhesabu robo za mzunguko wa skrubu ni kubahatisha kwenye kitu ambacho kikikosewa kinapasua hozi au mwili wa mota.

Hozi ya drein tuliitoa plagi, tukaipeleka moja kwa moja kwenye tundu la akiba juu ya tangi, kwa kapla yake ndogo. Isiunganishwe kwa T kwenye laini ya kurudishia. Ukifanya hivyo umeirudisha sili kwenye presha uliyokuwa unaikimbia. Sili mpya ikafungwa, na filta ikabadilishwa tena kwa ajili ya vile vipande vya oringi.

Kwa asiye na mita kamili kuna njia ya bei nafuu ambayo ingeukamata ubovu huu mapema: geji ya kawaida iliyofungwa kwa T kwenye hozi ya kurudishia ya atachimenti, kabla ya kapla. Kwa mashine ya ukubwa huu, resi ikiwa juu na atachimenti ikizunguka bila mzigo, ikipita 20 anza kutafuta kilichoziba. Na wakati wa kutafuta uvujaji tumia kipande cha boksi, kamwe usipitishe mkono. Oili ya presha hii inatoboa ngozi kwa tundu dogo kama la sindano ambalo haliumi sana mwanzoni. Aliyetobolewa apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo na aseme ni oili ya haidroliki, maana wakichelewa mkono unaweza kukatwa.

Trencha iliporudi kazini ilichimba mpaka jioni. Oili haikupita nyuzi 65, na sproketi ilipohesabiwa tena hewani ilitoa mizunguko 37 ikiwa ya moto.

Kilichobaki ni ufungaji, na hilo tulilifanya na opereta mara kadhaa mpaka mkono wake ukazoea. Trencha ishushwe chini, injini izimwe, ufunguo urudishwe kwenye "on" bila kuwasha, swichi ya atachimenti isukumwe kulia na kushoto ili presha iliyobaki upande wa mashine itoke. Uso wa kapla ufutwe kwa kitambaa safi, ndipo ziunganishwe. Kama hozi za trencha zimekaa juani na oili iliyomo imevimba hadi kapla zikagoma, asichukue nyundo: azungushie kitambaa kwenye nati ya hozi upande wa mota, ailegeze taratibu kwa spana uso ukiwa mbali mpaka oili idondoke matone, akaze, aunganishe. Zikifunguliwa jioni, kapla zivalishwe vifuniko vyake vya plastiki na hozi zilazwe upande wa kivuli.